China si Kariakoo: siku niliyochanganya nne na kumi

Leo naomba tuwekane sawa, maana tangu nirudi kutoka China Julai 2024 sina raha kijiweni. Kila mshikaji ninayekutana naye ananiuliza maswali yale yale matatu: “Ni kweli wanakula nyoka?” “Umetuletea nini?” Na la tatu, ambalo huulizwa kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo: “Mbona umerudi vile vile?”

La nyoka nalijibu haraka: mimi sikumwona mezani hata siku moja. Hayo mawili mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kuna vijana kibao wanaojaza fomu za udhamini wakidhani kwamba ukishapanda ndege tu umetoka kimaisha. Ngoja niwape mambo yalivyo, nikianza na aibu yangu mwenyewe.

Nilikaa miezi kumi, kuanzia Septemba 2023, kwa udhamini wa mwaka mmoja wa kusoma lugha. Mji wenyewe unaitwa Jinhua, uko katika jimbo la Zhejiang, kama mwendo wa saa mbili kwa treni ya kasi kutoka Shanghai. Masomo na malazi nililipiwa, lakini nauli ya ndege ilikuwa juu yangu. Mjomba akatoa, shangazi akatoa, na ilipopungua, bi mkubwa akauza cherehani yake. Hakuniambia. Nilirudi nyumbani jioni nikakuta pale dirishani pametundikwa kalenda.

Mtu akiuza cherehani kwa ajili yako, hata akikwambia “nenda mwanangu, usiwe na wasiwasi,” wewe unao tu.

MGENI NI MTOTO

Ukiingia China kwa viza ya masomo, sheria inakutaka uandikishwe polisi ndani ya saa 24, kwamba fulani analala mahali fulani. Ndani ya siku 30 uwe umeshaomba kibali cha kuishi. Unapimwa damu, unapigwa picha ya kifua, unafungwa nyaya za kupima moyo. Karatasi zote zimeandikwa kwa yale maandishi yao, na wewe kazi yako ni kuonyeshwa kidole mahali pa kusaini. Mimi na utu uzima wangu nilisaini kila nilichoonyeshwa kama bibi harusi.

Chumba tulikaa wawili. Mwenzangu alitoka Laos, hajui Kiingereza, na mimi Kilao ndiyo kwanza nakisikia. Miezi miwili ya mwanzo mazungumzo yetu yote yalikuwa maneno kumi ya Kichina: kula, lala, baridi, choo, kesho, hakuna, nzuri, mbaya, ghali na rafiki. Tulielewana kuliko mnavyofikiri.

Ratiba yenyewe ni ya kijeshi jeshi. Kipindi cha kwanza saa 2:00 asubuhi. Chakula cha mchana saa 5:30, na ukichelewa hadi saa 7 unakuta akina mama wa kantini wanafuta meza. Halafu shule nzima inalala! Naam, mchana kweupe, watu wamelaza vichwa juu ya madawati. Cha jioni kinaliwa saa 11, wakati ambapo Bongo mtu bado anawaza kunywa chai ya saa 10. Mlango wa bweni letu ulifungwa saa 5 usiku. Ukichelewa, unamgongea mzee wa mlangoni, naye anakuamkia kwa hotuba ambayo huielewi ila unajua haikusifii.

Halafu maji ya moto! Mchina na maji ya moto ni chanda na pete. Kila mwanafunzi ana chupa yake ya chai mkononi, lakini ndani hamna chai, ni maji matupu yanayofuka moshi. Stesheni za treni zina bomba la maji ya moto, hospitali vivyo hivyo. Ukiumwa tumbo, kunywa maji ya moto. Ukiwa na mafua, maji ya moto. Ukiachwa na mchumba, nadhani ni hayo hayo.

Nayo baridi msiichukulie kimzaha. Kwa utaratibu wa tangu miaka ya 1950, joto la mabomba majumbani linapelekwa kaskazini ya mstari wa milima ya Qinling na mto Huaihe. Jinhua iko kusini ya mstari huo, kwa hiyo hamna kitu. Januari usiku hukaribia sifuri, tena baridi yenyewe ni ya unyevu, inapenya sweta kama maji. Jamaa wa Harbin, kule kwenye barafu, wanakaa ndani na fulana. Sisi wa kusini tulivaa makoti mpaka kitandani.

Tumbo nalo lilikuwa na kesi yake. Jinhua inasifika China nzima kwa paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na mimi ni Mwislamu! Kati ya miji yote ya China, nimeangukia huo. Aliyeniokoa ni muuza tambi. Karibu kila mji wa China una migahawa midogo ya tambi za Lanzhou, zile zinazovutwa kwa mikono mbele ya macho yako, na wenye migahawa hiyo wengi ni Waislamu waliotoka jimbo la Qinghai. Siku ya kwanza nilipoona kofia nyeupe kichwani kwa mpishi nikatoa salamu, “Asalaam aleikum.” Akaitikia kwa furaha, akaita mkewe, akaita watoto waje kuniona. Bakuli la tambi na nyama ya ng’ombe lilikuwa yuan 13. Siku ile alinijazia nyama mpaka nikaona haya.

YAANI, ILE NANIHII

Sasa tuje kwenye lugha, maana ndipo mkasa ulipozaliwa. Kichina ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti. Silabi moja “ma” yaweza kuwa mama, katani, farasi au kutukana, inategemea umeipandisha wapi. Wiki ya tatu niliingia mgahawani nikataka kujua bei ya bakuli moja la shuijiao, vile vijisambusa vya kuchemsha. Nikakosea sauti. Kumbe nimemuuliza yule dada: kulala usiku mmoja ni shilingi ngapi? Dada wa watu akawa mwekundu. Mwalimu wetu alipohadithiwa alicheka, akasema kila mwaka lazima apatikane mmoja.

Kuna na neno “neige”, ambalo Wachina wanalitia katika kila sentensi wakiwa wanatafuta la kusema. Ukilisikia haraka haraka, masikioni linaingia kama lile tusi la Kimarekani la kumtukania mtu mweusi. Mwafrika mwenzetu mmoja alitaka kuzichapa ndani ya basi kwa sababu ya mzee aliyekuwa akiongea na simu. Tukamshika. Kumbe “neige” ni kama sisi tunavyosema “yaani, ile nanihii.” Mzee wa watu alikuwa amesahau jina la dawa yake.

Kutazamwa unatazamwa, sikufichi. Watoto wanakuonyesha kidole, kina mama wanaomba picha, wengine wanakushika nywele bila hodi. Kuna siku unacheka, kuna siku unavuta kofia mpaka machoni. Lakini siku moja bustanini, babu mmoja aliponiuliza natoka wapi nikamjibu Tanzania, aliinuka kwenye benchi. “Tanzan tielu!” akasema, yaani reli ya Tanzania na Zambia. Ile TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ambayo mimi nilikuwa naisikia kwenye taarifa ya habari tu, yeye aliishika moyoni kama harusi ya mwanawe. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Nilitamani niwe na maneno ya kumwambia kitu cha maana. Nilikuwa na yale kumi.

POSHO NA MACHO YA NYUMBANI

Posho yangu ya mwanafunzi wa lugha ilikuwa yuan 2,500 kwa mwezi, sawa na ya wa shahada ya kwanza anayedhaminiwa na serikali ya China. Wa uzamili anapata 3,000, wa uzamivu 3,500. Zile 2,500 ni kama dola 350 hivi. Ukisikia ukiwa Manzese unaona ni ulaji. Ukiwa kule, chakula peke yake kinakula zaidi ya 1,000, koti la baridi unalinunua, vitabu unanunua, mtihani unalipia, simu unaijazia.

Na simu si anasa. Kule pesa taslimu imebaki ya wazee na wageni. Unalipa kwa WeChat au Alipay, unaelekeza kamera kwenye kile kijiboksi chenye vidotidoti, kwisha. Hata muuza viazi vitamu vya kuchoma njiani ana kijiboksi chake. Ikizima chaji, wewe na ombaomba hamna tofauti.

WhatsApp imefungwa, Facebook imefungwa, Instagram hali kadhalika. Ilibidi bi mkubwa aingizwe WeChat, nayo kwa kawaida haimpokei mgeni mpaka mwenyeji amdhamini. Ilichukua wiki mbili na vijana watatu wa mtaani. Alipofanikiwa akaiita “wichati” mpaka leo. Tulizungumza Jumapili, mimi usiku saa 3, yeye saa 10 jioni. Kila nikimuuliza habari za kazi anasema, “Tunamshukuru Mungu, naazima cherehani kwa jirani.” Jirani huyo namjua. Haazimi bure.

Mjomba yeye alikuwa na ombi moja tu: simu mbili, na akiba ikibaki, televisheni.

Basi nikaanza kupiga hesabu mbaya.

TWENDE YIWU

Jirani na Jinhua uko mji wa Yiwu, kwa treni ya kasi hata nusu saa haifiki. Huko kuna soko la jumla ambalo ukiliita kubwa umelitukana: maduka zaidi ya 75,000, kuanzia maua ya plastiki mpaka soksi. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanapajua kama chumbani kwao. Na panapo Mbongo mwenye fedha asiyejua Kichina, panahitajika Mbongo asiye na fedha anayejua. Dalali, mkalimani, mbeba mikoba, vyote katika mtu mmoja.

Desemba nilikuwa nimefaulu mtihani wa Kichina ngazi ya tatu, ile ya maneno 600. Kichwa kikavimba. Machi 2024 mshikaji mmoja akanipa namba ya mama wa Kariakoo aliyefika Yiwu kwa siku nne, mkalimani wake kaumwa. Malipo yuan 200 kwa siku. Nilijua kabisa kwamba mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi bila idhini ya chuo na kibali chake kuandikwa hivyo na polisi. Nilijua, nikaenda. Njiani ndani ya treni nilikuwa nahesabu siku ngapi zinatosha cherehani moja.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Unakijua kweli?”

“Nakijua, mama. Usihofu.”

Mama alitaka vibanio vya nywele, dazeni 300. Tukaingia duka la dada mmoja, akataja yuan 12 kwa dazeni. Nikaanza kubembeleza kwa ile Kichina yangu ya darasani. Yiwu kila duka lina kalkuleta mezani, na wauzaji na wageni huandikiana bei humo bila hata kuongea. Dada akanisogezea kalkuleta. Nami nikairudisha kwa madaha, kama mtu aliyekataa kijiko kwa sababu anajua kula kwa mkono. Mimi najua Kichina bwana!

Dada akasema, “Si kuai.” Yuan nne. Huku amekunja mikono na kupishanisha vidole viwili vya shahada, kama msalaba. Nikaelewa: yuan nne, na hapo mwisho, hapunguzi tena. Nikamgeukia mama kifua mbele. “Kutoka 12 mpaka nne, mama!” Akaniangalia kwa heshima, sitasahau. Akatoa yuan 400 za kishika uchumba, tukaendelea na maduka mengine.

Jioni tukarudi kumalizia. Hesabu ya mama ilikuwa 1,200. Dada akapiga kalkuleta, akatugeuzia: 3,000.

Nikabisha. Nikapandisha sauti. Dada akaniangalia kama mwalimu wa vidudu, akapishanisha tena vile vidole, taratibu, mbele ya pua yangu. Ndipo kijana wa duka la pili, aliyejua Kiingereza kidogo, akanieleza. Wachina huhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja, na alama mojawapo ya kumi ni kupishanisha vidole. Kwa Kichina sanifu nne ni “si” na kumi ni “shi”, lakini watu wengi wa kusini hawatamki “sh”, wanaipitisha kama “s”. Dada alisema kumi kwa mdomo, akasema kumi kwa vidole, na alitaka kuisema kumi kwa kalkuleta. Mara tatu! Mwenye matatizo nilikuwa mimi.

Kishika uchumba hakirudi, ndiyo desturi. Mama alisimama kimya, mkoba kifuani. Ningependa anitukane. Alichukua dazeni 40 zinazolingana na zile 400, bidhaa ambayo kwa bei ile hakuitaka, akanipa nizibebe. Tulipofika nje akafungua mkoba kunihesabia 200 zangu.

Nikamwambia mama, siwezi kupokea.

“Chukua, mwanangu, umeshinda njaa.”

Nikakataa. Akazirudisha mkobani polepole. Akauliza, “Mama yako yupo?” Nikasema yupo. “Anafanya kazi gani?” Nikasema anashona. Hakuuliza tena. Akasema tu, “Rudi darasani, baba. Ukimaliza kusoma namba, njoo tufanye kazi.”

ADA IMELIPWA

Jumatatu nilimsimulia mwalimu, lakini nikasema ni rafiki yangu yaliyemkuta. Walimu si wajinga. Akaniambia kwamba Wachina wana msemo: mtu akipata hasara kwa ugeni wake, husemwa amelipa ada ya shule. Kisha akaniandikia kitanza ndimi chao cha nne na kumi, ambacho watoto wa kule wanajikwaa nacho, akaniambia nikiseme mara arobaini. Arobaini nayo, kwa taarifa yenu, ni hiyo hiyo nne na kumi zimeunganishwa.

Jioni nikaisoma sheria niliyokuwa nimeichezea. Mgeni akikamatwa anafanya kazi bila ruhusa, faini ni kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likiwa zito analala mahabusu siku 5 hadi 15 juu ya faini hiyo. Anaweza pia kurudishwa kwao. Faini ya chini kabisa ni posho yangu ya miezi miwili. Nilikuwa nimeweka rehani cherehani ambayo ilishauzwa!

Sisemi Yiwu hakuna riziki. Ipo, na wapo Wabongo wenye vibali vyao wanaokula kwa jasho. Wala sisemi udhamini ni kiini macho. Mwaka 2018 wanafunzi wa Kiafrika nchini China walihesabiwa 81,562, na wengi wamerudi madaktari na mainjinia. Wengine walinaswa nje ya China mipaka ilipofungwa Machi 2020, wakasomea kwenye skrini hadi walipoanza kuruhusiwa kurudi Agosti 2022. Waulizeni hao kama masomo ya China ni kula kuku.

Ninachosema ni hiki. Ukienda kule, jiandae kuwa mtoto upya: mtu asiyejua kuhesabu, asiyejua kuagiza chakula, anayeshikwa mkono kwenda kusaini. Hiyo haina ubaya, mtoto hukua. Ubaya unaanza pale nyumbani wanapokuona mkubwa, nawe unaogopa kuwaambia kwamba bado. Ile kalkuleta sikuikataa kwa sababu nilijua Kichina. Niliikataa kwa sababu mama wa Kariakoo alikuwa ananiangalia.

Juni 2024 nilifanya mtihani wa ngazi ya nne, nikafaulu, si kwa kishindo. Cheti ninacho, na sasa ninajaza fomu za shahada huku nikiwaandikia ninyi. Simu za mjomba sikuleta. Nilimpelekea chupa ya maji ya moto, na mpaka wiki iliyopita alikuwa bado hajaamua kama nilimtania.

Bi mkubwa nilimsimulia yote, hata ile safari ya kuvunja sheria. Alikuwa anapiga pindo la gauni kwa mkono. Akauma uzi, akasema, “Bora hukuchukua hela ya yule mama.” Kisha akaniuliza kumi kwa Kichina inasemwaje. Nikamwambia. Akaniuliza nne. Nikamwambia. Akanitazama juu ya miwani.

“Mbona ni kitu kimoja?”

Cherehani bado, wapenzi wasomaji. Lakini inakuja. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.